Shajara ya mradi: kuipima upya albamu ya kwanza ya Queen (1973)

11 Januari 2025: swali, na nakala za kulinganisha

Queen, bendi ya roki ya Uingereza, walitoa albamu yao ya kwanza Uingereza tarehe 13 Julai 1973 kupitia EMI, na haikutikisa kitu. Singo ya Keep Yourself Alive, iliyoitangulia kwa wiki moja, haikugusa chati za huko. Albamu yenyewe ilikuja kufika nafasi ya 24 mwaka 1974, pale Seven Seas of Rhye ya albamu ya pili ilipowafungulia njia. Tangu hapo imekuwa sahani ya kurukwa. Anayetaka kuijua Queen huelekezwa Queen II au Sheer Heart Attack, na wengi huenda moja kwa moja kwenye A Night at the Opera. Hata Zanzibar, alikozaliwa mwimbaji wao Freddie Mercury tarehe 5 Septemba 1946 akiitwa Farrokh Bulsara, na ambako tangu 2019 kuna makumbusho yake pale Shangani, ni nadra kusikia mtu akiitaja albamu hii.

Lawama inayorudiwa ni kwamba nyimbo zilikuwa bado mbichi. Dai tunalolipima hapa ni tofauti: nyimbo nyingi zimeiva, kilichoziangusha ni sauti ya dramu na jinsi studio ilivyotumika. Dai kama hilo halithibitiki kwa kusikiliza simuni ukiwa kwenye daladala. Linahitaji nakala kadhaa za muziki uleule, zikiwa na ukubwa sawa wa sauti, zikisikilizwa kwa zamu bila msikilizaji kujua ipi ni ipi.

Nakala zilizochaguliwa ni nne. Ya kwanza ni LP (santuri ya vinili) ya EMI yenye namba EMC 3006. Ya pili ni CD ya 2011, iliyosafishwa upya na Bob Ludwig kutoka mikanda mama. Ya tatu ni demo tano za studio ya De Lane Lea za mwishoni mwa 1971, ambazo zimo kwenye diski ya ziada ya toleo hilohilo la 2011. Ya nne ni Queen I, iliyotoka tarehe 25 Oktoba 2024. Hii ya mwisho isichanganywe na usafishaji wa kawaida. Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson walirudi kwenye mikanda yenye kila chombo peke yake, wakachanganya albamu nzima upya. Kusafisha ni kugusa miksi iliyokwisha kukamilika, lakini kuchanganya upya ni kuamua tena kila chombo kikae wapi na kwa nguvu gani. Kwa swali letu tofauti hiyo ndiyo kila kitu.

25 Januari: deki ya Marekani kwenye umeme wa Hz 50

Deki ya kwanza ya santuri ilikuwa ya mitumba, inayozungushwa kwa mkanda wa mpira, iliyotengenezwa kwa soko la Marekani. Muuzaji aliiuza pamoja na transfoma ya kushusha volti 230 hadi 110, akahakikisha kwamba mambo yamekwisha. Iliwaka na kuzunguka vizuri, lakini Freddie akatoka na sauti ya mtu mwingine kabisa. Keep Yourself Alive, wimbo wa dakika 3 na sekunde 47, ilichukua dakika nne na nusu.

Sababu ni mota. Mota ya sinkronasi hufuata mapigo ya umeme, haifuati volti. Marekani umeme hupiga Hz 60, Afrika Mashariki Hz 50, na transfoma haibadilishi hilo hata kidogo. Kwa hiyo badala ya mizunguko 33⅓ kwa dakika unapata 27.8, na muziki unashuka zaidi ya nusu-toni tatu. Kuigeuza deki kwenye 45 hakusaidii, maana inatoa 37.5.

Jaribio la kuiokoa lilikuwa kurekodi hivyohivyo, kisha kuharakisha kwa asilimia 20 kwenye kompyuta. Ufunguo wa nyimbo ulirudi mahali pake, lakini sauti ikabaki na kasoro. Santuri hukatwa ikiwa besi imepunguzwa na sauti za juu zimeongezwa kwa mkunjo wa RIAA, na preampu (kikuza sauti cha deki) huurudisha mkunjo huo nyuma kwa masafa maalum. Sahani ikizunguka polepole, kila sauti inapita kwenye preampu ikiwa chini ya masafa yake halisi, hivyo inasahihishwa mahali pasipo pake. Ukiharakisha baadaye, kosa linapanda pamoja na muziki. Kwa kusikiliza nyumbani unaweza kulivumilia, ila kwa kupima sauti ya dramu halifai.

Suluhisho ni kununua puli ya Hz 50 ya modeli hiyohiyo, kama inapatikana, au kuchukua deki yenye mota ya DC inayotumia adapta. Puli haikupatikana, deki ikabadilishwa. Kabla ya kulipia mtumba wowote, igeuze usome kibandiko cha nyuma: "60 Hz" peke yake, bila "50/60", ni ishara ya kuiacha.

Deki mpya nayo ilihitaji kupimwa. Kuna karatasi za mistari, 180 kwa umeme wetu, ambazo chini ya taa huonekana zimesimama mwendo ukiwa sahihi. Zilishindwa kwa sababu taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha, na mistari inabaki ukungu tu. Njia isiyohitaji kifaa ni kubandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, kushusha sindano kwenye muziki (uzito wake hupunguza mwendo kidogo), na kuhesabu mizunguko 100. Inatakiwa ichukue dakika 3 kamili. Yetu ilichukua sekunde 178.6, yaani ilikwenda haraka kwa asilimia 0.8, ambayo ni senti 13 hivi za nusu-toni. Mtu peke yake hawezi kuihisi, ila ukibadilisha kati ya LP na CD kwenye kodi (chord) moja utaisikia papo hapo. Kiskrubu kidogo kilicho ndani ya tundu la mota kilirekebisha, kwa kukizungusha kidogokidogo na kuhesabu tena.

8 Februari: usafi, sindano na mngurumo

Hatua hii ni ya kawaida, kwa hiyo ni vipimo tu. Dawa ya kusafishia: maji yaliyochujwa kwa mvuke mililita 400, alkoholi ya isopropili 100, na matone matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na harufu. Sugua kwa brashi laini kufuata mzunguko wa mifereji, suuza kwa maji yaleyale ya mvuke, kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na lebo isiguswe na maji. Maji ya kisima ya Dar yana chumvi; yakikauka ndani ya mfereji yanaacha mchanga mweupe ambao sindano inausoma kama mikwaruzo. Ukanda wa pwani pia una kuvu, hasa kwenye LP zilizolala miaka ndani ya jalada la karatasi. Dawa iachwe dakika mbili juu ya madoa kabla ya kusugua, na jalada la ndani litupwe.

Onyo moja kwa wenye makusanyo ya zamani: dawa hii ni ya vinili tu. Santuri za mizunguko 78, kama zile alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay kuanzia 1928, ni za shelaki, na alkoholi inaiyeyusha shelaki. Ukimimina mara moja umeipoteza.

Katriji, kichwa kinachobeba sindano, ni Audio-Technica AT-VM95E, uzito wa sindano gramu 2.0, ukipimwa kwa mizani ndogo ya kidijitali. Usiamini namba zilizochorwa kwenye mkono wa deki.

Mngurumo wa Hz 50 ulikuwa na vyanzo viwili. Kimoja ni waya wa ardhi wa deki, ambao lazima uende kwenye skrubu ya preampu. Cha pili ni chaja ya laptopu. Waya ulipunguza sehemu kubwa, na kurekodi kwa betri kukaondoa iliyobaki.

22 Februari: kuingiza kwenye kompyuta

Preampu ya foni inaingia kwenye kadi ya sauti ya USB, na rekodi ni WAV ya biti 24, kHz 96, kilele kisizidi −6 dB. Albamu nzima, dakika 38 na nusu, inakula GB 1.3. Vifaa vya bei nafuu vyenye preampu na USB ndani ya kiboksi kimoja mara nyingi huishia biti 16. Kwa kusikiliza vinatosha, ila ukitaka kuongeza na kupunguza sauti baadaye vinakubana.

Kilichoharibika hapa ni ufutaji wa mikwaruzo. Programu ya kuifuta yenyewe iliachiwa upande wote wa kwanza, na sekunde za mwanzo za Keep Yourself Alive zikatoka zimefubaa. Ukiufahamu wimbo utajua kwa nini. Unafunguliwa na mpiga gitaa Brian May akikwangua nyuzi zilizozibwa kwa mkono wa kushoto, na gitaa limetiwa fezi, ile athari inayofanya sauti izungukezunguke. Ni mfululizo wa mikwaruzo midogo mikali, na May hapigi kwa plektra ya plastiki. Anapiga kwa sarafu ya peni sita (sixpence) ya Kiingereza, yenye ukingo wa meno. Programu ilisikia kile ilichofundishwa kukifuta, ikakifuta. Gitaa likapoteza meno yake.

Marekebisho: rudi kwenye faili ghafi, zima ufutaji wa jumla, kuza picha ya wimbi, futa kwa mkono mikwaruzo ile inayotokea kwenye chaneli moja tu au inayosimama wima kuliko kila kitu jirani. Kazi ni ndefu, lakini kwa muziki wa gitaa la namna hii njia ya mkato haipo. Mikwaruzo midogo midogo iliyobaki tuliiacha ilivyo.

Upande wa kwanza una dakika chini ya 18, wa pili karibu 21. Karibu na mwisho wa upande wa pili, kwenye Jesus, sauti ya Freddie ina ukakasi kwenye herufi za s. Hiyo ni kasoro ya mifereji ya ndani ya santuri, ambako mzingo ni mfupi na sindano ya duaradufu inapata shida. Msimhukumu mwimbaji wala wimbo kwa hilo. Sehemu hizo zipimwe kwa CD.

15 Machi: kusawazisha ukubwa wa sauti

Sauti iliyo kubwa zaidi hata kidogo hushinda kila mara, na msikilizaji huapa kwamba alipenda "uwazi" au "joto". Kulinganisha LP na CD bila kusawazisha ni kupoteza muda.

Mara ya kwanza nakala zilisawazishwa kwa kilele. Haikufaa, kwa sababu kilele kinapima pigo moja kali la snea (dramu ndogo yenye sauti kali) na hakisemi sikio linasikia nini. Tukahamia LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyousikia, kwa kichujio cha ebur128 kilichomo kwenye programu ya ffmpeg, kila wimbo ukishushwa hadi −20. Kwenye programu ya kutiririsha, zima kwanza usawazishaji wake wa ndani, la sivyo utakuwa unapima kazi yake.

Tatizo la pili ni kwamba miksi ya 2024 ina besi nyingi kuliko ile ya 1973, kwa hiyo namba zikilingana bado sauti ya mwimbaji hailingani. Kwa sehemu za kuhukumu uimbaji, tulisawazisha kwa vipande ambavyo Freddie yuko karibu peke yake.

Jaribio la upofu la kawaida ni duru 16, na unahitaji kupatia 12 ili bahati isiwe maelezo. LP dhidi ya CD ya 2011: wasikilizaji walipatia, lakini walichotambua ni vumbi la vinili, si miksi. Ndipo vikachaguliwa vipande vya sekunde 10 hadi 15 vyenye sauti nene, ambapo vumbi linafunikwa, na tofauti karibu zote zikayeyuka. Hili ni la kuzingatia: anayesema LP ya 1973 ina roho ambayo CD ya 2011 haina, kwa albamu hii, anasikia zaidi uso wa santuri. Miksi ya 2024 kwa upande mwingine inatambulika papo hapo, kwa hiyo jaribio la kutambua halina kazi. Swali linabaki la kupendelea, na hilo hujibiwa wimbo kwa wimbo.

29 Machi: njia tatu za kuingia ndani ya miksi

Ya kwanza: kugeuza wimbi la nakala moja na kulijumlisha na nyingine, ili kinachofanana kifutike na tofauti ibaki. Kati ya 2011 na 2024 haikutoa chochote cha maana. Miksi ikifanywa upya, hakuna kinachofutika. Kati ya LP na CD nayo inakwama, kwa kuwa mwendo wa deki unayumba kwa kiasi kidogo mno kusikika lakini kikubwa cha kutosha kuharibu hesabu.

Ya pili: programu za akili mnemba za kutenganisha dramu, besi, sauti ya mtu na vinginevyo. Dramu zilitoka, lakini matoazi yakawa na majimaji na mikia ya mapigo ikakatwa, wakati mkia wa pigo ndio hasa tunaoutafuta. Magitaa ya May, yaliyopangwa kwa tabaka yakiimba sauti mbili tatu, mara nyingine yalitupwa kwenye faili ya waimbaji. Inaeleweka. Red Special, gitaa alilolitengeneza na baba yake Harold kuanzia 1963, likipita kwenye Vox AC30 hushikilia noti kama koo la mtu. Jalada la albamu lilijitangaza kwamba hakuna aliyepiga sinthesaiza, na onyo hilo lilikuwa na sababu.

Ya tatu ndiyo iliyofaa, na haihitaji kifaa chochote. Tenga chaneli za stirio, geuza moja, jumlisha. Kilichokaa katikati (mwimbaji mkuu, besi, sehemu kubwa ya dramu) kinapungua, kilichowekwa pembeni kinabaki wazi. Kwa LP ilishindwa kwanza, maana chaneli mbili za katriji ya bei hii zinaweza kupishana hadi dB 2 na katikati haifutiki. Kwa CD ilifanya kazi mara moja. Ukiipitisha Great King Rat namna hii, unasikia magitaa yalivyogawana pande, na unasikia kwamba mipango ile ilikuwa imefikiriwa mapema sana.

12 Aprili: dramu

Hapa ndipo mradi ulipopata jibu lake, na ushahidi uko ndani ya LP yenyewe.

Kwanza historia, kwa kuwa bila hiyo sauti haielezeki. Mwishoni mwa 1971 studio za De Lane Lea zilikuwa zimehamia jengo jipya Wembley na zilihitaji bendi ya kupiga kelele ili vyumba vijaribiwe. Queen walijitolea, na malipo yao yakawa demo tano zilizorekodiwa na Louie Austin: Keep Yourself Alive, The Night Comes Down, Great King Rat, Jesus na Liar. Mwaka uliofuata wakaingia Trident, Soho, studio ya ndugu Norman na Barry Sheffield, kwa mapatano ya kutumia saa ambazo wateja wanaolipa hawapo. Maana yake ni usiku wa manane, vipindi vilivyokatikakatika, wahandisi wakibadilishana. Watayarishaji walikuwa John Anthony na Roy Thomas Baker pamoja na bendi. Dramu za Trident zilipigwa ndani ya kibanda kidogo, ngozi zikiwa zimebandikwa mkanda wa gundi ili zisivume. Ndiyo ilikuwa staili ya nyumba hiyo. Bendi ilitaka kinyume chake, dramu zipumue ndani ya chumba, na haikuwa na sauti ya kushinda hoja.

Sasa weka upande wa pili. Sikiliza mwisho wa Liar, kisha acha sindano iendelee hadi The Night Comes Down, halafu Modern Times Rock 'n' Roll. Usisikilize pigo, sikiliza linavyoishia. Kwenye Liar tomu (dramu ya sauti nene) inagonga na kunyamaza, hakuna hewa baada yake. Kwenye The Night Comes Down chumba kinasikika nyuma ya snea na matoazi yanamalizia pumzi yao. Kwenye Modern Times mlango unafungwa tena. Ni bendi ileile na dramu za Roger Taylor yuleyule, lakini The Night Comes Down ni rekodi ya De Lane Lea. Walijaribu kuirudia Trident, haikushika, wakaingiza demo kwenye albamu.

Ukitaka kuthibitisha, chukua Liar ya De Lane Lea na Liar ya Trident kwa ukubwa sawa wa sauti. Ya Trident ina uimbaji uliopangwa vizuri zaidi na magitaa mengi. Ya De Lane Lea ina nguvu ya watu wanne wanaosikilizana. Keep Yourself Alive iliteseka zaidi ya zote: miksi kadhaa zilikataliwa kabla Mike Stone hajapata iliyokubalika, na May mwenyewe amesema mara nyingi kwamba demo ilikuwa na kitu ambacho toleo la albamu halikukifikia. Linganisha kile kipande cha dramu kilicho katikati ya wimbo. Kwenye albamu kinasikika kidogo kuliko kilivyopigwa.

Ushahidi mwingine ni wimbo usiokuwepo. Mad the Swine ya Mercury ilirekodiwa kwa ajili ya albamu hii ikaachwa nje kwa kutoelewana juu ya sauti ya dramu, na haikutoka hadi 1991, ilipowekwa pamoja na singo ya Headlong. Bendi ambayo haijawahi kutoa albamu inatupa wimbo mzima kwa sababu ya dramu: hilo halikuwa jambo dogo kwao.

3 Mei: wimbo kwa wimbo, miksi ya 1973 dhidi ya ya 2024

Zilizonufaika zaidi na kuchanganywa upya ni Keep Yourself Alive na Liar. Tomu zina mwili, besi ya John Deacon (jalada la 1973 lilimwandika kinyume, Deacon John) inatembea badala ya kujificha chini ya gitaa. Great King Rat inapata kitu ilichokikosa siku zote: mabadiliko yake ya mwendo, yaliyoonekana kama vipande vilivyoshonwa, sasa yanasikika kama bendi inayogeuka pamoja.

Son and Daughter ni kesi ya kinyume. Ni rifu nzito, ya polepole, na ukavu wa Trident unaifaa. Pigo likikatika ghafla linaacha shimo ambalo gitaa linalijaza. Miksi mpya inajaza shimo hilo kwa mwangwi, na uzito unapungua. Wimbo huu usikilizwe kwenye toleo la 2011.

My Fairy King haikubadilika sana kwa kuchanganywa upya, na hilo ndilo linaloifanya iwe muhimu kwa hukumu. Uzuri wake haukutegemea dramu. Freddie yuko kwenye piano ya Trident, Roger anarusha zile noti za juu kabisa mwanzoni, sauti za kuitikia zimerundikwa tabaka juu ya tabaka, na wimbo hauna kibwagizo cha kurudia. Sehemu inakuja, inafanya kazi yake, inaondoka. Maneno yake yamechota kwa Robert Browning, na ndani yake Freddie anamwita "Mother Mercury". May amesimulia kwamba jina la Mercury lilitokana na mstari huo. Pitisha wimbo kwenye njia ya kugeuza chaneli utasikia waimbaji wa pembeni peke yao, na mpangilio wao ni uleule ambao dunia iliusifia mwaka 1975 kwenye A Night at the Opera. Haukuanza 1975. Ulikuwa umekamilika 1972, katika saa za usiku za studio ya watu wengine.

Doing All Right ni ya zamani kuliko bendi: May na Tim Staffell waliiandika wakiwa Smile, bendi yao ya awali. Ni nzuri, hasa mruko wa kutoka upole hadi kelele, na matoleo yote yanaitendea haki.

Zisizookolewa na miksi yoyote zipo. Modern Times Rock 'n' Roll, dakika 1 na sekunde 48, ni mwigo wa Led Zeppelin wa haraka usio na kitu chake. Jesus ina kiitikio kimoja kinachofanya kazi ya wimbo mzima, ingawa mlipuko wa gitaa katikati ni wa kusikilizwa. Kipande cha Seven Seas of Rhye ni tangazo la wimbo ambao haujaandikwa, na kufunga albamu nacho kulikuwa uamuzi dhaifu. Lawama ya ubichi ina haki hapo, na hapo tu.

Kuhusu Mad the Swine, Queen I imeirudisha mahali pake pa awali, kati ya Great King Rat na My Fairy King. Inafanya kazi. Bila hiyo nyimbo mbili nzito za Freddie zinagongana. Ikiwepo, ile ngoma yake nyepesi ya mikono inampa msikilizaji nafasi ya kutulia kabla ya My Fairy King.

17 Mei: gharama, na kwa anayetaka kurudia

Deki ya kwanza ilinunuliwa TSh 220,000 ikauzwa tena 150,000, hasara 70,000, na transfoma iliyokaa bila kazi 45,000. Deki ya pili 380,000, katriji 170,000, preampu 160,000, kadi ya sauti 260,000. LP pamoja na usafirishaji 95,000, CD ya 2011 ya diski mbili 60,000, vifaa vya usafi 28,000. Jumla ni TSh 1,268,000.

Kwa matokeo tuliyopata, sehemu kubwa ya fedha hiyo si lazima. LP ilitufundisha kuhusu santuri kuliko kuhusu Queen. Mwenye CD ya 2011 yenye diski ya ziada, ffmpeg ambayo ni ya bure, hedfoni zilizofunga masikio na njia ya kusikiliza Queen I anaweza kurudia kila kitu kuanzia ingizo la 15 Machi, isipokuwa ulinganisho wa LP.

Faili ziandaliwe hivi: folda moja kwa kila wimbo, ndani yake matoleo yote yakiwa na majina ya herufi tu, na orodha ya majina halisi ishikwe na mtu asiyesikiliza. Liar na Keep Yourself Alive ziwe na matoleo matatu (De Lane Lea, 2011, 2024). The Night Comes Down ichukuliwe toleo la albamu la 2011 na la 2024 tu, kwa kuwa demo na albamu hapo chanzo ni kimoja, na msikilizaji atapoteza saa nzima akitafuta tofauti ya upigaji isiyokuwepo. Vipande visizidi sekunde 15. Kwa dramu, kata kipande kianze nusu sekunde kabla ya pigo na kiishe sekunde mbili baada yake. Ukikata mapema unaondoa mkia, na kilichobaki hakitakuambia dramu zilipigwa chumba gani.